Sarafu Nzito za Mama Kipimo

Mama Kipimo alipanda meli ya starehe akiwa na hofu tatu: maji, wezi na noti. Kuhusu maji aliambiwa hayaingii ndani. Kuhusu wezi aliambiwa kila mlango unafunguliwa kwa kadi. Kuhusu noti hakuna aliyekaa naye kitako, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao walipokosea. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mama, shangazi au mama mkwe anayejiandaa kwa safari ya nchi nne ndani ya siku kumi, na kila nchi ina pesa yake, usimfungie begi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Jina la Kipimo alipewa sokoni, kwa sababu ya mizani. Aliuza maharage kwa kilo miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kurudi kwake kulalamika kwamba kilo haikutimia. Mizani yake ndogo ya mkono, ile ya kuning'iniza yenye ndoano, aliitia mkobani hata akienda msibani. Noti ndiyo hakuipenda. Mwaka juzi mteja mmoja mwenye tai alimlipa kwa noti kubwa, mpya, inayonukia. Alipoipeleka kwa muuza unga, yule bwana aliinyanyua juani, akaikunja, akamrudishia akisema ni bandia, kisha akawaita majirani waje kuiona. Walikuja na watoto. Tangu siku hiyo Mama Kipimo akashika msimamo: noti ni karatasi, na karatasi mtu yeyote mwenye rangi anaweza kuichora. Sarafu ni chuma. Chuma ukikiweka kwenye mizani kinajisema chenyewe.

Safari hakuilipia. Binti yake alikuwa msafishaji wa vyumba kwenye meli hiyo, na kampuni ilikuwa na utaratibu kwamba mfanyakazi anayekaribia kumaliza miaka miwili bila doa anapewa nafasi moja ya bure kwa ajili ya mzazi. Miaka miwili ilikuwa inaishia safari hiyo hiyo. Siku ya mwisho, meli ikifika nchi ya nne, Meneja angeketi na mafaili yake na kuamua nani aongezewe mkataba na nani ashuke na sanduku lake. Kwa Mama Kipimo jambo hilo halikuwa dogo. Nyumba waliyokuwa wakijenga ilikuwa na mabati upande mmoja tu. Upande wa pili ukilala chali unahesabu nyota. Ada ya mjukuu ilitoka kwenye mshahara wa meli. Dawa zake za presha nazo zilitoka huko huko.

"Nakuomba kitu kimoja, mama," binti alimwambia siku ya kwanza, wakiwa wamekaa kitandani kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. "Siku kumi tu. Usigombane na mtu, usimrekebishe mtu, usipike kitu chumbani."

"Nipike kwa moto upi?"

"Nakujua mimi."

Kisha akatoa bahasha nne za kaki, kila moja imeandikwa namba. Akaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto anayetumwa dukani mara ya kwanza. Humo melini pesa taslimu haitumiki. Ukitaka soda unaonyesha kadi yako ya chumba. Pesa ni ya nje, ukishuka. Bahasha ya kwanza ni ya nchi ya kwanza, ya pili ni ya nchi ya pili, na kuendelea.

"Pesa ya nchi iishie kwenye nchi hiyo hiyo, mama. Usivuke nayo. Hasa sarafu. Maduka ya kubadilisha yanachukua noti tu, sarafu hawazigusi."

"Sasa mbona wewe umenipa sarafu?"

"Si wewe uliyesema ukiona noti ya kigeni utajitupa baharini? Hizi ni bakshishi zangu za mwaka mzima, watu wanaziacha juu ya mito. Nimekuchagulia zile nzuri tu, yaani zile ambazo..."

Hapo simu ya ukutani ikalia. Msimamizi wa vyumba alikuwa anamtaka ghorofa ya sita, mtu kamwaga mvinyo kwenye zulia. Binti akatoka mbio huku akifunga aproni, na ile sentensi ikabaki hewani bila mkia. Kama ingemalizika, haya yote yasingetokea. Ndiyo maana nasema mpeni mzee maelezo yote kwanza, mvinyo utasubiri.

Mama Kipimo alipobaki peke yake alifanya ambalo angelifanya mtu yeyote wa mizani. Alimimina sarafu za bahasha ya kwanza kwenye mfuko wa nailoni, akaning'iniza. Gramu mia moja na tisini. Akarudia, akidhani ndoano imekwama. Mia moja na tisini. Sarafu zenyewe zilikuwa ndogo, nyembamba, zinang'aa kama vifungo vya shati la mtoto. Moyo ukamuuma. Mwaka mzima mwanawe anainama chini ya vitanda vya watu, na hawa matajiri wanamlipa vifungo.

*

Nchi ya kwanza alishuka asubuhi, mkoba ameubana kwapani kama kuku aliyemnunua. Hakwenda mbali. Mita mia moja kutoka getini kulikuwa na kibanda cha chai, akaketi, akaagiza kikombe kimoja. Muuza chai alitaja bei ambayo hakuielewa. Mama Kipimo akaweka mezani kasarafu kamoja, akasubiri kugombezwa kwamba haitoshi.

Yule bwana alikapokea, akafungua droo, akamrudishia sarafu saba, nene, za rangi ya shaba, kila moja pana kama kifuniko cha chupa.

Mama Kipimo alizitazama. Akamtazama muuza chai. Akakitazama kikombe, kimejaa na sukari imo. Kisha akainamia mkoba wake chini ya meza, akapima. Kingine kama kile alichotoa hakikusogeza hata mshale. Alichorudishiwa kilikuwa gramu tisini.

"Huyu amechanganyikiwa," alijisemea, na chai aliinywa ikiwa moto hivyo hivyo, ikamchoma ulimi, maana aliona heri aondoke kabla mwenyewe hajagundua. Alitembea kwa haraka ya mtu aliyesahau sufuria jikoni, akapiga kona mbili, akaingia kwenye duka la viberiti. Akanunua kiberiti. Akatoa kepesi, akarudishiwa nzito tisa. Akaenda kwa muuza ndizi, hivyo hivyo. Kwa muuza leso, hivyo hivyo. Hadi saa sita mchana bahasha ya kwanza ilikuwa imeisha na mkoba wake una karibu kilo mbili za chuma, pamoja na viberiti vitano ambavyo havina kazi yoyote, kwa sababu melini hata kuwasha mshumaa ni kosa.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini nchi nzima imechanganyikiwa kwa namna moja. Lakini wasiwasi una tabia hiyo: ukikuonyesha mwizi kila pembe, siku unayodhani wewe ndiye unayewazidi ujanja, unafurahi hadi unapofuka.

Jioni ile, meli ikiwa imeng'oa nanga, wasafiri walikaa sitahani wakitoa vitu mifukoni. Karibu naye alikaa bwana mmoja mnene, mwenye kaptura iliyoishia mbali sana na magoti. Mama Kipimo alimwita moyoni Suruali Fupi. Alikuwa anamwaga sarafu mezani na kunung'unika.

"Ona uzito huu. Na huko mbele hazinunui hata maji."

"Hazinunui?" Mama Kipimo aliuliza.

"Tukishavuka ni vyuma tu hivi, mama. Nitazitupia samaki."

Mama Kipimo alihisi mate yanamjaa. Zilikuwa nzito za shaba, lundo zima, na mwenye nazo anataka kuzitupa. Akakumbuka bahasha ya pili, imejaa vifungo vile vile vya nchi inayofuata. Akasogeza kiti.

"Mwanangu, hebu tusaidiane. Mimi ninazo za kesho. Ni nyepesi, hazitakuchosha. Nikupe moja, wewe unipe ngapi?"

Suruali Fupi aliitazama ile sarafu ndogo mkononi mwake. Akamtazama yeye usoni, kama anatafuta kicheko kilichofichwa. Hakukiona.

"Chukua ishirini," alisema kwa uangalifu.

"Ishirini na tano."

"Haya, ishirini na tano. Na ninazo nyingine chumbani, nisubiri hapa hapa, usiondoke, mama."

Alirudi akikimbia, kaptura na yote. Akaja na mke wake. Mke akaja na kibibi mwenye kofia yenye ua. Hadi kengele ya chakula inalia, bahasha ya pili ilikuwa tupu na Mama Kipimo ameshanunua mfuko wa pili wa nailoni kwa kiberiti kimoja. Kila mteja alimwandika kwenye daftari, kama anavyofanya sokoni, jina la mtu na uzito wake: Suruali Fupi, kilo moja na gramu mia sita. Kofia ya Ua, gramu mia nane na kumi. Wachumba wa Chumba cha Pembeni, gramu mia tatu, wamesema wataongeza.

*

Nchi ya pili aliiangalia akiwa kwenye benchi la bandarini. Hakuwa na hata senti ya nchi ile. Alikula mkate aliouchukua kwenye kifungua kinywa, ameufunga kwenye kitambaa cha mezani, na alipobanwa na kiu alimfuata muuza maji akampa nzito mbili za nchi ya kwanza. Muuza maji alizigeuza upande huu, akazigeuza upande ule, akamrudishia. Mama Kipimo akaona huyu ni mtu asiyeweza kubeba mzigo, akarudi kwenye benchi na kiu yake.

"Umetembea, mama?" binti alimuuliza alipopata dakika tatu za kupumzika, amesimama mlangoni na ndoo.

"Sana. Miguu hii."

"Umenunua nini?"

"Vitu ni ghali."

"Bahasha si ilitosha?"

"Ilitosha na kubaki," alisema Mama Kipimo, na mguu wake ukausukuma mfuko chini ya kitanda. Ulitoa mlio kama mnyororo wa lori. Binti alimtazama, akatazama saa, akaenda.

Kwa nini hakumwambia? Kwa sababu alitaka kumshangaza. Kila siku alikuwa akipiga hesabu: kilo za chuma, mara bei ya kilo, ambayo hakuijua lakini aliikadiria vizuri sana, akaona mabati ya upande wa pili yanapanda yenyewe. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulitazama usoni. Miaka ishirini na miwili hajampunja mtu gramu moja. Sasa alikuwa anachukua kilo na kutoa vifungo, na watu wanamshukuru. Alijiambia ni matajiri, hawataumia. Alilala akigeukageuka.

Bahasha ya tatu iliondoka sitahani kama ya pili, safari hii kwa foleni. Biashara ilipozidi akaihamishia kwenye chumba cha kulia, wakati wa kifungua kinywa, ambapo mwanga ni mzuri na mshale wa mizani unasomeka. Huko ndiko ilikotokea ajali ya yai. Bwana mmoja asiyebadilisha chochote, aliyependa kusoma gazeti kwa utulivu, aliketi meza ya jirani. Mama Kipimo alipoinua mizani kumpimia Kofia ya Ua, ndoano ikashika kitambaa cha meza ya yule bwana, na alipovuta akidhani ni uzito, kikaja kitambaa, ikaja chai, likaja na yai. Yai lilitua kwenye habari za michezo.

"Pole baba," alisema Mama Kipimo. "Limeiva vizuri, linalika tu."

Yule bwana alikunja gazeti na yai ndani yake, akaondoka nalo kama ushahidi.

Mchana wa siku ile ile alitembelewa. Mlango uligongwa kwa adabu, akaingia msimamizi wa vyumba, mwanamke mrefu mwenye funguo kiunoni, yule ambaye binti na wenzake walimwita Madamu Kitasa kwa sababu alikuwa akijaribu kila kitasa anachopita. Kwapani alikuwa na chupa kubwa ya plastiki iliyokuwa ya sabuni ya kufulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, hapa hakuna kiti."

"Sikai. Nasikia unanunua." Akaiweka chupa kitandani, godoro likazama. Zilikuwa sarafu za kila nchi ambayo meli hiyo iliwahi kupita miaka kumi, nyingine zina kutu. "Umebakiwa na bahasha ya nne, sivyo?"

Mama Kipimo alipima mara mbili. Kilo nne na gramu mia mbili. Madamu Kitasa alitaka bahasha yote, bila kuifungua. Akaitia mfukoni, akapapasa kitasa, akageuka.

"Hili libaki kati yetu, mama. Sisi wafanyakazi haturuhusiwi."

"Mimi mdomo wangu hauna mlango wa nyuma," alisema Mama Kipimo, na mgeni alipotoka akafungua daftari akaandika. Mdomo ni mdomo, daftari ni daftari.

*

Nchi ya tatu nayo aliitazama akiwa benchini. Asubuhi ya siku ya mwisho, meli ikiwa imeshafungwa kamba kwenye gati la nchi ya nne, binti aliingia chumbani bila ndoo. Alikuwa amevaa sare safi na macho mekundu.

"Mama. Umefanya nini chumba cha kulia?"

"Nimekula."

"Kuna malalamiko ya maandishi. Kuna gazeti lenye yai. Madamu Kitasa ameandika kwamba mgeni wangu anasumbua wasafiri, na kanuni zinasema mgeni akisumbua, mwenye mgeni ndiye anayejibu. Naitwa kwa Meneja saa nne. Mkataba wangu uko mezani pale pale, mama, haujasainiwa."

Mama Kipimo alikaa. Wamegundua, aliwaza. Wamekaa wakapigiana hesabu, wameona nimechukua kilo kumi na moja na kuwapa vifungo. Sasa mtoto ndiye anayefukuzwa kwa upunjaji wa mama yake. Binti akajifuta uso kwa kiganja, akaenda zake.

Saa nne na dakika tano mlango wa ofisi ya Meneja ulifunguka bila kubishwa. Meneja, mtu mwenye uchovu mwingi na kikombe cha chai kisichokwisha, alikuwa nyuma ya meza na rundo la mafaili. Madamu Kitasa alisimama kulia kwake. Binti alisimama katikati ya zulia, mikono nyuma. Mama Kipimo aliingia akiburuta mifuko mitatu ya nailoni iliyowekwa mmoja ndani ya mwingine, na daftari amelibana kwa meno. Alilitoa kwanza.

"Baba, mtoto hana kosa," alisema. "Mwizi ni mimi."

"Mama, tafadhali," binti alinong'ona.

"Wewe nyamaza, mimi ndiye niliyekuzaa. Baba Meneja, nimewapunja watu wako. Miaka ishirini na miwili sokoni sijapunja mtu, nimekuja kuharibikia hapa kwenye maji. Nimekuja kurudisha. Kila mtu nimemwandika, na uzito wake. Waite waje mmoja mmoja, nitawapimia, hata gramu haitapungua."

Meneja aliweka kikombe chini. "Kupunja kivipi?"

Mama Kipimo akamweleza. Akatoa sarafu ya shaba, pana, akaiweka mezani, kisha akaeleza ile ndogo aliyoitoa, na ilivyokuwa nyepesi, na jinsi watu walivyokubali bila hata kubishana, maskini. Akaeleza foleni. Meneja aliokota ile ya shaba, akaigeuza. Alimtazama binti. Binti alikuwa ameanza kuelewa, na rangi ilikuwa inamtoka usoni na kurudi.

"Yaani," Meneja alisema polepole, "wewe uliwapa wao zile ndogo za nchi tunayokwenda, wakakupa hizi za nchi tuliyotoka."

"Ndiyo, baba. Nzito."

Meneja alitoa leso akajifuta mdomo muda mrefu kuliko mdomo ulivyohitaji. "Haya, nisomee hilo daftari."

Mama Kipimo alivaa miwani. "Suruali Fupi, kilo tatu na mia moja, kwa mara tatu. Kofia ya Ua, kilo moja na mia saba. Wachumba wa Chumba cha Pembeni, kilo moja unusu. Baba wa Mapacha, gramu mia tano. Madamu Kitasa, kilo nne na gramu mia mbili, kwa mara moja."

Huko nje winchi ilikuwa inateremsha mizigo.

"Madamu Kitasa ndiye nani?" aliuliza Meneja.

Binti alitazama zulia kana kwamba ameliona doa. Mama Kipimo, ambaye hakujua kwamba lile ni jina la nyuma ya mgongo, alielekeza kwa kidevu. Msimamizi wa vyumba alikuwa ameshika kitasa cha kabati la mafaili bila kujijua, akakiachia kama kinaunguza.

"Niliona mama ana shida ya..." alianza.

"Kanuni ya tisa inasemaje, madamu?"

"Mfanyakazi asibadilishane pesa na msafiri."

"Bahasha iko wapi?"

Ilikuwa bado mfukoni mwake. Aliiweka mezani, haijafunguliwa hata kidogo, namba nne ya mwandiko wa binti ikionekana wazi. Meneja aliisogeza kwa kidole hadi mbele ya Mama Kipimo.

"Chako hiki, mama. Na wewe mrudishie vyake."

Mama Kipimo alipima kilo nne na mia mbili mbele ya wote, taratibu, akiongeza moja na kupunguza moja hadi mshale ukatulia. Moyo ulimuuma, lakini haki ni haki. Akaipokea bahasha kwa vidole viwili kama mtu anayepokea risiti ya hasara. Madamu Kitasa alikumbatia mzigo wake kifuani, hana pa kuuweka.

"Sasa," Meneja alisema, akavuta faili moja kutoka katikati ya rundo, kisha akavuta jingine la chini yake na kuliweka sambamba. "Hili ni la binti. Hili ni lako, madamu. Yote mawili yanasubiri kalamu yangu leo. Bwana wa yai nitamtafutia yai na gazeti. Wasafiri wengine kwenye daftari hili sidhani kama kuna hata mmoja atakayekuja kulalamika. Yako je, yale malalamiko uliyoandika, bado unayo?"

"Nilikuwa nimekosea meza," alisema Madamu Kitasa.

"Basi yachukue."

Aliyachukua kwa meno, maana mikono ilikuwa imejaa. Meneja akasaini faili la binti. Kalamu ilikwaruza mara moja, ikaandika miaka miwili. Faili la pili akaliacha lilivyo.

*

Walipofika sitahani binti aliketi kwenye sanduku la maboya, karatasi ya mkataba imekunjwa kifuani ndani ya sare, akacheka hadi akashika mbavu. Mama Kipimo aliketi kando yake na bahasha mapajani.

"Cheka tu. Tumepoteza kilo nne kwa mara moja."

"Mama, nikuambie kitu usinipigie kelele."

"Sema."

"Hizo ndogo ndizo zenye thamani. Moja yake ni sawa na nzito kumi, nyingine hata mia. Ndiyo maana nilikuchagulia hizo. Pesa haipimwi, mama, inasomwa. Namba iko juu yake."

Mama Kipimo alitazama bahari muda. Bahari haikuwa na msaada.

"Zote?"

"Zote."

"Na zile nzito, zina thamani gani?"

"Za nchi tulizoacha? Hata choo cha kulipia hawazipokei."

Midomo ya Mama Kipimo ilikuwa inakwenda; alikuwa anazibadilisha kuwa maharage, kwa sababu hesabu nyingine hakuiamini. Alipofika jumla alisimama wima.

"Suruali Fupi ana gunia langu."

"Hakukuibia, mama. Wewe ndiye uliyemfuata."

"Gunia zima, la maharage mekundu, yaliyochambuliwa. Na alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Yuko wapi?"

"Kaa chini," binti alisema, akamshika ushungi.

"Niachie nguo."

"Mama, mkataba huu haujamaliza hata robo saa," binti alisema, na ushungi hakuuachia. "Meneja anatuona kutoka dirishani. Ukimgusa msafiri mmoja tu, ukimrekebisha mmoja tu, tunashuka wote na masanduku. Nakuomba. Kaa."

Mama Kipimo alikaa. Alikaa juu ya viganja vyake mwenyewe, kwa usalama wa watu wote. Na wakati ule ule, akielekea kwenye ngazi ya kushukia, akatokea Suruali Fupi, kofia kichwani, kamera shingoni, mfuko wa kaptura umetuna. Alipomwona uso ulimchangamka.

"Mama yangu mpenzi. Ninazo chache za jana. Leo biashara vipi?"

Binti alishika ushungi kwa mikono miwili.

"Leo," alisema Mama Kipimo, kwa sauti tamu ambayo sokoni kwake hakuna aliyewahi kuisikia, "leo tumefunga, mwanangu. Nenda katembee."